Hesabu ya Matamanio: Fundisho la Epicurus

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale waliosingiziwa kama Epicurus ni wachache, kwani wapinzani wake walimpakazia ulafi na anasa, na wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na wafuasi wake, Waepikureo, katika Biblia tu, pale Matendo ya Mitume yanaposimulia jinsi walivyojadiliana na Paulo mjini Athens. Alizaliwa mwaka 341 KK katika kisiwa cha Samos na wazazi Waathene, akafundisha Mytilene na Lampsacus, kisha mnamo 306 KK akahamia Athens, akanunua bustani iliyogeuka kuwa shule na kuitwa hivyo hivyo, Bustani, ambamo wanawake na watumwa walikaribishwa kusoma falsafa pamoja na wanaume huru, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama zile.

Ni kweli kwamba alifundisha kuwa raha ndiyo shabaha ya maisha, na hapo ndipo watesi wake walipomkamatia. Lakini raha aliyoikusudia ni mwili kutokuwa na maumivu na nafsi kutokuwa na fadhaa, hali hii ya pili ikiitwa ataraksia, yaani utulivu usiotikiswa na hofu wala tamaa. Mwenye njaa akishashiba, kwa maelezo yake, raha ya mwili wake imefika mwisho, na vyakula atakavyoandaliwa baada ya hapo vitabadilisha ladha tu bila kuizidisha raha yenyewe.

Kutokana na msingi huo aliyagawa matamanio katika mafungu matatu. La kwanza ni la matamanio ya kimaumbile yaliyo ya lazima, kama vile kiu ya maji na haja ya chakula; la pili ni la yale ya kimaumbile yasiyo ya lazima, mfano wake ukiwa vyakula vya gharama; na la tatu ni la yale yasiyo ya kimaumbile wala ya lazima, ambayo maelezo ya kale yaliyoambatanishwa na mafundisho yake huyatolea mfano wa kutamani kuvishwa taji na kusimamishiwa sanamu. Uzito wote wa fundisho hili umo katika fungu hilo la mwisho, kwa sababu tamaa za namna hiyo hazitokani na upungufu wowote wa mwili bali na dhana tu, na kwa kuwa hakuna upungufu halisi wa kuzibwa, hakuna kiasi kinachoweza kuzitosheleza. Anayetaka kusifiwa na mtaa mmoja akishasifiwa atataka kusifiwa na mji mzima.

Epicurus hakuamrisha umaskini, wala hakuona ubaya wa karamu ikipatikana, bali alitaka mtu azoee kidogo ili kingi kikikosekana asihangaike. Seneca, mwandishi wa Roma aliyekuwa wa madhehebu pinzani ya Wastoiko, anaeleza kwamba Epicurus alikuwa na siku maalumu za kula chakula haba kwa makusudi, apate kupima kama raha yake ingepungua, na kwamba katika barua zake alijisifu kwa kujilisha kwa chini ya sarafu moja ndogo. Mazoezi hayo yalipata mtihani wa kweli karibu na mwaka 295 KK, mfalme Demetrius alipouzingira mji wa Athens hadi njaa ikawashika watu, na Epicurus, kama anavyosimulia mwandishi wa kale Plutarch, akawa anawagawia wenzake maharagwe kwa kuyahesabu punje kwa punje.

Upande wa hofu, tiba yake aliijenga juu ya fizikia. Kwa kufuata nadharia ya mwanafalsafa Democritus kwamba vitu vyote vimeundwa kwa atomu, yaani chembe ndogo zisizogawanyika, alihitimisha kuwa nafsi nayo hutawanyika mtu anapokufa, hivyo hapabaki wa kuumia wala wa kuadhibiwa. Hoja hiyo, kwa anayekubali kwamba nafsi hufa, ina nguvu dhidi ya hofu ya mtu kwa ajili yake mwenyewe. Kwa mzazi aliyezika mtoto haina msaada mkubwa, na hapa falsafa yake inaonekana kupwaya. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuyumba: mwaka 270 KK, akiwa anakufa kwa maradhi ya njia ya mkojo yenye maumivu makali, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao ilikuwa inayakabili mateso hayo, akamwomba awatunze watoto wa Metrodorus, mwanafunzi wake aliyemtangulia kufa. Wosia wake uliwaacha huru baadhi ya watumwa wake, jambo linaloonyesha pia kwamba Bustani iliwafundisha watumwa bila kuacha kuwamiliki.

Lawama iliyo nzito zaidi inahusu siasa, kwani Epicurus aliwashauri wafuasi wake waishi bila kujulikana na wajiepushe na mambo ya utawala, na Plutarch akaandika insha nzima kulipinga shauri hilo. Maharagwe yaliyohesabiwa wakati wa mazingiwa yanathibitisha uimara wa urafiki wa wanabustani, lakini vilevile yanaonyesha kuwa amani yao ililindwa na kuta za mji, na kuta hizo zilijengwa na kutetewa na watu waliokubali kuingia katika fadhaa za utawala ambazo Epicurus aliwakataza wanafunzi wake.