Ufuasi wa Kikristo Baada ya Ubatizo

Ufuasi, kwa maana inayotumika katika makanisa ya Afrika Mashariki, ni maisha ya mtu aliyemwamini Yesu Kristo na kukubali kufundishwa, kuonywa na kutumwa naye mpaka siku ya kufa kwake; kwa hiyo si jambo moja na uongofu, ambao ni tendo la kugeuka na kuiacha njia ya awali, ingawa bila uongofu ufuasi hauna pa kuanzia. Tofauti hiyo husahaulika kwa urahisi katika miji ya barabarani kama Mackinnon Road, katika kaunti ya Kwale, ambako mhubiri mgeni anaweza kuwaita watu mbele, akawaombea, majina yao yakaandikwa, kisha akashika njia ya Mombasa au Voi akiwaachia wenyeji sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi.

Historia ya pwani yenyewe inaonyesha uzito wa sehemu hiyo. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, walianzisha kituo cha misheni huko Rabai. Krapf aliota msururu wa vituo utakaolivuka bara zima la Afrika, ilhali Rebmann alikaa pale pale kwa miaka 29, akijifunza lugha za wenyeji na kuwafundisha wachache waliokubali kuketi naye. Alifiwa na mkewe Emma mwaka 1866, macho yake yakapofuka, na alipoondoka mwaka 1875 waumini wa kituo chake walikuwa bado wachache mno, hata mtu mwenye kupima kazi ya Mungu kwa idadi angesema kwamba mzee huyo alishindwa.

Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Miongoni mwa wachache hao alikuwamo Abe Ngoa, mtu wa kabila la Wagiriama wa pwani, ambaye mwanawe, Isaac Nyondo, ndiye aliyemsindikiza Rebmann kipofu katika safari ya kurudi Ulaya. Wagiriama waliopokea mafundisho yaliyotoka Rabai walikuja kuwa kiini cha kijiji cha Fuladoyo, ambako Wakristo Waafrika waliishi pamoja wakiongozwa na wenzao wenyewe, wakawapokea watumwa waliowatoroka mabwana zao, jambo lililowakasirisha sana wenye watumwa. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Imani iliyoweza kubeba hatari ya namna hiyo haikupatikana katika mkutano wa jioni moja. Ilijengwa polepole, kwa mafundisho na kwa kuishi pamoja.

Wakristo wengine pia walitafuta njia mbalimbali za kuulea ufuasi. Wamethodisti, waliofungua kituo cha Ribe mwaka 1862, walirithi desturi iliyoanza Uingereza mwaka 1742, ya kuwagawa waumini katika vikundi vya watu kama kumi na wawili, kila kimoja na kiongozi wake wa kuwaulizia hali ya roho zao kila wiki. Wakatoliki, tangu miaka ya 1970, wamesisitiza jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani wanaosoma Injili pamoja na kusaidiana. Hata walokole, jina la watu wa Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937, ambao hukumbukwa zaidi kwa kuitaja siku waliyookoka, walipata nguvu katika mikutano ya kila wiki ya kuungama dhambi za sasa, kurudisha mali iliyoibwa na kupatana na waliokosana nao.

Katika Kwale ufuasi hupimwa nyumbani na malishoni. Mduruma, yaani mtu wa kabila mojawapo la huko, aliyebatizwa huona ukame ukimaliza ng'ombe wake huku jamaa wakimshauri aende kwa mganga; hukabiliwa na ugomvi wa mipaka ya shamba, na gharama za mazishi na mahari; tena huishi karibu na ndugu Waislamu na wazee wanaoshika mila ya kaya, yaani makazi matakatifu ya mababu. Mackinnon Road yenyewe inajulikana kwa msikiti wa kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambako wasafiri wa njia kuu husimama kuomba dua. Mahali kama hapo, Mkristo anayemtukana jirani kwa sababu ya dini hajafundishwa vya kutosha, hata kama alibatizwa miaka mingi iliyopita; na yule anayelipa deni lake, anayemsamehe nduguye na anayekwenda kumzika jirani wa imani nyingine kwa heshima, huyo amekwisha kuanza kufuata.

Basi makanisa ya Kwale na yaiache desturi ya kujivunia hesabu ya waliosimama siku ya mkutano, na badala yake yamkabidhi kila mwongofu mpya kwa mwanamume au mwanamke aliyekomaa katika imani, anayeishi karibu naye, atakayesoma naye Maandiko, kumtembelea akiugua na kumwonya akipotoka, si kwa mwezi mmoja tu, bali kwa miaka yote watakayoishi jirani.