Ngoma Zilizovuka Mpaka Bila Wapigaji Wake

Wapo watu wasemao kwamba muziki wa mitambo si muziki, bali ni makelele ya vyuma yaliyotiwa umeme. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao mpaka jioni moja tulipokaa Minago, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tukaisikiliza santuri iitwayo Kaloli tangu mwanzo hata mwisho, na wala si mara moja.

Minago, kwa msomaji asiyeijua, ni kituo cha wavuvi kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi huwasha taa zao na kwenda kuwavizia ndagala, na katika usiku usio na mwezi ziwa huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Saa hiyo askari aliye zamuni hana la kusikiliza ila mawimbi. Ndipo mwenyeji wetu alipotoa simu yake na kipaza sauti kidogo, akatuambia tutege masikio.

Kaloli ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji, ile ile iliyowahi kutoa Congotronics ya Konono N°1 wa Kinshasa. Wenye kuipiga ni kundi la Nihiloxica, lililoundwa Kampala mwaka 2017 pale wapiga ngoma wa Nilotika Cultural Ensemble walipokutana na Waingereza wawili: Jacob Maskell-Key, ajiitaye Spooky-J, apigaye dramu za kizungu, na Peter Jones, ajiitaye pq, ashikaye vinanda vya umeme. Kaloli ni jina la Kiganda la yule korongo mkubwa mwenye upara, alaye taka majaani, ambaye kila aliyefika Kampala amemwona akitembea kama hakimu aliyestaafu.

Muziki wa tekno, uliozaliwa Detroit huko Marekani katika miaka ya 1980, una pigo ambalo kila askari analijua hata kama hajalisikia jina lake. Ni pigo la kwata: nne zilizo sawa, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuchoka. Ngoma za Buganda hazihesabu hivyo. Mara nyingi huhesabu kwa tatutatu, na mapigo hayo matatu hupita ndani ya yale mengine kama maji ya mto yapitavyo kati ya mawe. Mtu akijaribu kuzipigia hatua za gwaride, mguu wake utashangaa. Nihiloxica wameziweka hesabu hizo mbili mahali pamoja, wala hawakuilazimisha moja iitii nyingine. Mtambo unashika nne yake, ngoma zinashika tatu yake, na msikilizaji yuko huru kuchagua atacheza na ipi. Sisi tulianza na mtambo. Kabla wimbo wa pili haujaisha tulikuwa tumekwisha hamia upande wa ngoma bila kujua ni lini.

Ngoma zenyewe ni za namna nyingi. Iko engalabi, ndefu na nyembamba, iliyowambwa ngozi ya kenge na kupigwa kwa viganja vitupu; sauti yake hukata kama kofi. Iko namunjoloba, ndogo na kali, ipigwayo kwa fimbo. Iko empuunyi, yenye sauti nzito ya chini, nayo manyanga ya ensaasi hutembea juu ya zote. Katika wimbo uitwao Busoga vinanda huingia polepole, kama ukungu uingiavyo bondeni, na mpaka mwisho ngoma hazifunikwi. Uko pia Tewali Sukali, maana yake hakuna sukari, jina ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni dukani.

Kasoro zipo. Mtu aliyelelewa kwa rumba au taarabu ataitafuta sauti ya mwimbaji na ataipata kwa nadra mno. Hapa na pale kinanda kinazidi giza kuliko haja, hata tukahisi tunaviziwa. Na kile kipaza sauti kidogo kilituibia empuunyi karibu yote. Iliyotuonyesha tulichokuwa tumekosa ni spika kubwa ya kantini, siku iliyofuata. Asiye na spika nzuri asiihukumu santuri hii.

Lakini jambo lililotufanya tuishike kalamu ni jingine. Tulipokuwa tukisikiliza pale ufukweni, tulikumbuka kwamba hii si mara ya kwanza ngoma za upande wetu kuunganishwa na vinanda vya umeme. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alizirekodi ngoma za Burundi huko Bukirasazi, na mwaka uliofuata santuri ya Musique du Burundi ikatolewa na Ocora, kampuni ya redio ya Ufaransa. Ngoma hizo ndizo zile tuzionazo kila tarehe 1 Julai, zikiingia uwanjani juu ya vichwa vya wapigaji wake: inkiranya katikati ikiongoza, amashakwe zikishikilia pigo lisilokatika, ibishikizo zikiifuata inkiranya. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, na ufalme ulipofutwa mwaka 1966 ngoma zilibaki.

Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Paris, Michel Bernholc, aliichukua rekodi hiyo, akaiwekea piano na vyombo vya kisasa, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Ilifika nafasi ya 31 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia ngoma za Burundi pamoja na kinanda cha umeme cha Moog katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1980 Adam and the Ants wa London waliweka wapiga dramu wawili jukwaani ili wapate mngurumo wa namna hiyo, wakapata sifa kubwa. Mwaka 1981 Robert Palmer aliandika katika The New York Times kwamba wenye pigo lenyewe hawakuwa na fungu katika faida ya Burundi Black. Majina yao hayakuwamo hata katika karatasi ya santuri hiyo; lililokuwamo ni jina la nchi tu.

Kwa Kaloli mambo ni tofauti. Hakuna aliyechukua ukanda wa watu wasiokuwapo akaupaka rangi. Henry Isabirye, Jamiru Mwanje na Alimansi Wanzu Aineomugisha walikuwa chumba kimoja na mtambo. Wanamsikia mwenye kinanda na yeye anawasikia. Wakiongeza kasi naye hana budi kuongeza. Jambo hilo linasikika. Katika Burundi Black piano inatembea juu ya ngoma kama mtu apitaye juu ya daraja bila kutazama chini. Katika Kaloli mtambo unasita, unangoja, unajibu.

Serikali ya Burundi nayo imejaribu kuzilinda ngoma zake. Ngoma ya kifalme iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na amri ya Oktoba 2017 ilitaka atakaye kuileta katika sherehe zisizo rasmi apate idhini ya wizara na kulipa ada ya faranga 500,000. Amri hiyo pia iliwakataza wanawake kuipiga, jambo lililozusha mabishano ambayo hatutayamaliza hapa. Shabaha ya ada twaielewa. Ila amri ya nchi hukomea mpakani, na sauti haikomei hapo.

Askari wa ufukweni wanajua zaidi yetu maana ya mpaka, kwa kuwa kazi yao ni kuuliza kila ashukaye mtumbwini ametoka wapi na ana karatasi gani. Santuri haiulizwi pasi. Mpigaji huulizwa. Nihiloxica walionja taabu hiyo kiasi cha kutoa santuri nyingine mwaka 2023, Source of Denial, yenye kuushutumu utaratibu wa viza wa Uingereza: ngoma zao zinachezwa kule usiku kucha, na wao wangali wakijaza fomu. Tuliyasimulia hayo pale Minago, na askari mmoja akataka kujua kama safari hii majina ya wapigaji yameandikwa. Tukamsomea moja baada ya moja.

Karibu na alfajiri zamu ilibadilishwa. Aliyeingia hakuwa ameisikia Busoga, basi ikaanzishwa upya, na taa za wavuvi zilikuwa zikirudi ufukweni.