Usonji: Ukiwa Nangurukuru, Unaanzia Wapi?

Mzazi wa Nangurukuru mwenye mtoto asiyeongea wala kumtazama mtu usoni huwa anapewa majibu mawili: mpeleke kwa mganga, au panda basi uende Muhimbili. Yaani zaidi ya kilomita 250 bila kujua utamwona nani. Wanachuo wenzangu, ipo milango ya karibu.

Wa kwanza ni hospitali ya wilaya, Kinyonga, pale Kilwa Kivinje. Mtoto achunguzwe, masikio yakiwemo, maana asiyesikia naye huchelewa kuongea. Ikibidi, aombewe rufaa. Hapo safari ya Muhimbili inakuwa na maana.

Wa pili ni halmashauri, Kilwa Masoko: afisa ustawi wa jamii na afisa elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma. Shule ikisema "huyu hatumuwezi", mzazi asirudi nyumbani, aende kwa afisa huyo.

Wa tatu ni sisi walimu. Usonji si laana wala malezi mabaya, na hauna dawa ya kuuondoa, ila mtoto husaidika: ratiba ileile kila siku, picha za kumwonyesha kinachofuata, maneno machache, kona tulivu kelele zikizidi. Hayo hayahitaji hela nyingi.

Ukipangiwa Kilwa kwa mazoezi ya kufundisha, muulize mama kwanza: nini kinamtuliza mwanao? Amelaumiwa sana huyo. Wachache wamewahi kumuuliza anachokijua.