Mukojo Umesafika, Lakini Figo Ingali na Kidonda

Ndugu wachimbaji, na ninyi akina mama mnaobaki nyumbani mukingoja, leo tuongee juu ya kidonda kinachojificha.

Mambo haya tunayajua wote. Jiwe linakatika juu na kumpiga mutu ubavuni. Mwingine kamba inamuachilia, anaanguka mpaka chini ya shimo. Mwingine anapinduka na pikipiki, sako ya mawe inamulalia tumboni. Anasimama, anajipangusa vumbi, anasema: « Apana, niko muzima, ni tumbo tu inauma kidogo. » Usiku anakwenda kukojoa, anaona mukojo mwekundu. Kesho yake mukojo umesafika. Nyumbani wanashukuru Mungu. Siku ya tatu anarudi shimoni kubeba sako.

Hapo njo hatari iko.

Mafigo ni mawili, kila moja kubwa kama ngumi. Yanakaa nyuma ya tumbo, pembeni ya uti wa mugongo, chini ya mbavu za mwisho. Kila dakika damu ya kupita litre moja inapita ndani yao, na mutu mukubwa ana litre 5 hivi tu katika mwili muzima. Figo ikipasuka, damu inajikusanya kule nyuma, na tumbo linaweza kukawia kuvimba. Kisha damu inaganda na kuziba kidonda. Mukojo unasafika, lakini kidonda hakijapona. Mutu akibeba muzigo muzito, kile kizibo kinaweza kutoka na damu ikaanza tena, hata kisha juma mbili ao tatu.

Tena, rangi ya mukojo haipimi ukubwa wa kidonda. Figo iliyochubuka kidogo inaweza kutoa mukojo mwekundu sana. Lakini mutu aliyeanguka kutoka juu, mushipa mukubwa wa figo unaweza kukatika ao kuziba, na mukojo ukabaki safi kabisa. Kwa hiyo, aliyepigwa ubavuni ama mugongoni na anaumwa, aende lopitali siku ile ile, hata kama hajaona damu.

Kule munganga atafanya nini? Kwanza atapima tansio na mapigo ya moyo, juu ya kujua kama damu inamwagika ndani. Atapima mukojo, maana kuna damu ambayo macho hayaoni. Atapima damu, na kuipima tena kisha masaa, aone kama inapunguka. Usikasirike ukichomwa sindano mara nyingi, hiyo njo kazi yenyewe. Ekografi inasaidia kuona damu tumboni, lakini inaweza kukosa kidonda cha figo. Picha inayoonyesha vizuri ni skana, na dawa inayopitishwa katika mushipa. Wanangoja dakika kidogo na kupiga picha tena, waone kama mukojo unavuja ndani. Fasi hakuna skana, mugonjwa anabaki chini ya macho ya munganga. Wakiona tansio inashuka ao damu inapunguka, wanamutuma haraka kwenye lopitali kubwa.

Watu mingi wanakimbia lopitali juu ya woga mumoja: « Batamukata figo. » Tuseme ukweli: vidonda vingi vya figo vinapona bila kisu. Waganga wanavigawanya katika daraja 5, toka kuchubuka tu mpaka figo kuvunjika vipande, na vilivyo vingi ni vya daraja za chini. Dawa ya kwanza ni kulala kitandani, seromu, na kupimwa kila wakati. Kisu kinakuja hasa wakati damu inakataa kusimama. Na hata figo moja ikitolewa, ile ingine ikiwa nzima, mutu anaishi.

Mama, kazi yako ni kubwa. Weka mukojo wa kila mara katika chupa inayoonyesha ndani, uzipange kwa mufuatano, umuonyeshe munganga. Usimukande na maji ya moto, usimupe lavema, usimupe lutuku « ya kuondoa maumivu ». Diclofénac, ibuprofène na aspirine zisimeze mutu huyu: zinaweza kuzidisha damu na kuumiza figo. Asikule mpaka munganga amemuona. Akirudi nyumbani, mwangalie: homa, kizunguzungu, jasho la baridi, ubavu kuvimba, ao damu kurudi katika mukojo, murudishe hata ni usiku.

Kuna pia yule ambaye udongo ulimufunika miguu masaa mingi. Figo yake haikupigwa, lakini sumu inayotoka katika nyama zilizofinyangwa inaweza kuiziba. Mukojo unakuwa kidogo na mweusi kama chai kali. Hata kama anatembea, apelekwe mbio, na waganga waambiwe alikaa chini ya udongo masaa ngapi.

Tunajua swali linalobaki: nani atalisha watoto wakati baba amelala? Munganga akisema juma nyingi bila kubeba muzigo, hata miezi, nyumba inatetemeka. Njo maana mutu anarudi mbele ya wakati. Hilo haliwezi kubebwa na mugonjwa peke yake. Wakubwa wa ekipe, musikilizane mbele ajali haijafika: sehemu kidogo ya kila sako iwekwe pembeni kwa likelemba ya wagonjwa. Na aliyeumia apewe kazi ya juu, ya kuandika ao kuchagua mawe, mpaka munganga amesema sasa sawa.

Kupumuzika kwake si uvivu. Ni figo inashona kidonda chake.