Je, Wajua? Mwenye Baa na Mbu wa Kilombero

Mwenye baa mjini Ifakara huanza na leseni: chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, haruhusiwi kuuza hata chupa moja bila hiyo. Kisha kuna kreti za kuhesabu, wahudumu wa kusimamia na madeni ya kufuatilia. Mauzo huchangamka wakulima wakishauza mpunga. Jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni zito, ni mbu. Wateja hukaa uani tangu jioni, mbali na vyandarua vyao, na bonde la Kilombero lina mbu wengi waenezao malaria. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walitia dawa ya transfluthrini kwenye mapambo ya katani na ya kitambaa cha gunia, wakayajaribu katika baa za wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliokaa karibu na mapambo hayo waliumwa mara chache zaidi. Dawa hiyo hugeuka mvuke polepole katika joto la kawaida la hewa, hivyo mapambo hayahitaji umeme wala moto, na hata kibaa cha kijijini kinaweza kuyatundika.