Mlima Unaoonekana na Mlima Unaofikika

Mtu asimamaye Gisenyi, nchini Rwanda, kwenye barabara ya ufukoni iendayo kwenye lango la mpaka la Grande Barrière, siku ambayo mawingu yameondoka, huuona mlima Nyiragongo upande wa kaskazini katika urefu wake wa mita 3,470, karibu mno machoni hata akadhani kwamba angeweza kutoka baada ya staftahi na kurudi kabla ya magharibi. Walakini mlima ule umo katika ardhi ya Kongo, na baina yake na mtazamaji kuna kizuizi cha chuma, dirisha la uhamiaji, kitambulisho kisomwacho mbele na nyuma, muhuri, na maswali ambayo uchache au wingi wake hufuata hali ya siasa ya majira yale. Hapa macho huvuka bila ya idhini, na miguu hungoja. Sijui mahali palipo bora kuliko hapa pa kuupimia mchezo ambao fahari yake kuu ni ahadi kwamba kila jabali mchezaji alionalo katika kioo, akitaka, anaweza kuliendea.

Mchezo wenyewe ni Elden Ring, uliotolewa tarehe 25 Februari 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya ulimwengu wake ikatungwa na George R. R. Martin, mwandishi wa Marekani ambaye riwaya zake za wafalme na majoka zimekwisha kuenea duniani kwa njia ya televisheni. Katika nchi za mbali hauhesabiwi tena kuwa mpya, kwani nakala zaidi ya milioni 25 zimekwisha kuuzwa, lakini kwangu ulikuwa mpya kabisa ulipofika nyumbani kwa dada yangu, mwendo mfupi kutoka mpakani, katika mashine ya PlayStation 4 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Ni wa jinsi iitwayo ulimwengu wazi: mchezaji hapelekwi kutoka chumba hata chumba kama katika michezo mingi ya zamani, bali huachwa katika nchi pana yenye misitu, magofu, mito na mashetani, akajichagulia umbo, silaha na kazi, awe askari au mchawi, kisha aelekee apendako. Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko vijana wanavyodhani, maana Nintendo walikwisha kumwacha mchezaji azurure katika nchi ya The Legend of Zelda tangu mwaka 1986. Kilichoongezeka baadaye ni upana, na pamoja na upana majivuno ya wauzaji, ambayo ulipotoka mchezo wa Skyrim mwaka 2011 yalifika kileleni, na ile habari ya mlima unaoendeka ikawa wimbo wa biashara nzima.

Mchezaji wa Elden Ring huanza gizani, chini ya ardhi, kisha husukuma mlango mzito na kutokea katika nchi iitwayo Limgrave, na hapo hata mtu asiyependa michezo hukaa sawasawa kitini, maana mbele yake kuna majani yanayoyumba kwa upepo, kanisa lililoanguka paa, ngome juu ya genge, na nyuma ya vyote mti wa dhahabu mkubwa kuliko mlima wowote, uangazao mchana na usiku. Hapana orodha ya kazi za kufanya, wala sauti ya kuamuru. Ipo tu miale hafifu ya nuru itokayo katika vituo vya mapumziko na kuelekea upande fulani, kama mzee anayeonyesha njia kwa kidevu. Barabarani, hatua chache kutoka pale, hupita mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu, na mgeni, kwa kuwa michezo mingine imemzoeza kuamini kwamba adui wa kwanza huwekwa ili ashindwe, aghalabu humwendea kwa ushujaa na kufa kwa dharuba moja au mbili. “Mujomba, uyu achana naye, umupitiye pembeni,” aliniambia mmoja wa wapwa zangu, aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, bila ya kuondoa macho kwenye kioo. Na maneno yale, katika Kiswahili cha Kivu, yalinifafanulia mchezo kwa ufupi kuliko makala yoyote niliyoisoma baadaye.

Yule mpanda farasi ni kizuizi. Waundaji wangeweza kujenga ukuta na kuandika kwamba njia imefungwa; badala yake wameweka kiumbe asiyeshindika leo lakini atakayeshindika baada ya wiki kadhaa za mazoezi, na kwa hiyo mchezaji yuko huru kwenda popote ilimradi awe radhi kufa popote. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya mchezo huu, nami sijaibadili tangu siku za mwanzo: mipaka imejaa tele katika ulimwengu unaoitwa wazi, ila imevishwa kwa ustadi ngozi za majitu, uchache wa nguvu, kina cha genge na ujinga wa njia, hata mtu akikwama hujilaumu mwenyewe wala hamlaumu aliyeweka mpaka.

Ramani yake yastahili kutajwa kwa urefu kidogo. Mwanzoni ni karatasi tupu iliyofunikwa kama kwa ukungu, na mchezaji hana budi kuifikia nchi kwanza, akatafute nguzo ya jiwe kando ya barabara, aokote kipande cha ramani chini yake, ndipo jimbo lile lionekane na mito na vijia vyake. Utaratibu huu ulinichekesha, kwa kuwa sisi wa ukingo wa ziwa Kivu tulitendewa kinyume chake: mataifa ya Ulaya yalipiga mstari wa mpaka katika karatasi zao mwaka 1885, kabla Mzungu yeyote hajalitia ziwa hili machoni, von Götzen Mjerumani akapita hapa mwaka 1894 na kuupanda Nyiragongo, na baada ya mabishano marefu baina ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, mpaka ukaja kukatwa kwa mkataba huko Brussels mwaka 1910. Kwa kanuni za Miyazaki hao wote wangelazimika kuitembea nchi kabla ya kupewa hata robo ya karatasi.

Juu ya kufa nitasema machache, maana wanaosifu mchezo huu wamelisema mno. Kila adui aangukaye huacha runi, ambazo ni fedha na pia ni nguvu, na mchezaji akifa huziacha pale alipoangukia. Akirudi akazifikia huzipata zote, na akifa njiani zimepotea daima dawamu. Yatosha kueleza kwa nini vijana watatu chumbani waweza kunyamaza kama waumini.

Jambo lililonivutia kupita yote ni ngome ya Stormveil. Njia kuu ya kutoka Limgrave kwenda mbele inapita ndani yake, na juu ya daraja la kuingilia amesimama jitu mwenye pembe na mkia, jina lake Margit, ambaye amewarudisha nyuma wachezaji wasiohesabika. Akishindwa huyo, mlangoni hujitokeza bawabu dhalili aitwaye Gostoc, ambaye kwa unyenyekevu wa kutia shaka humwambia msafiri kwamba lango kuu lina ulinzi mkali, afadhali apenye kwa tundu la kando. Nasaha njema kweli kweli, ila mtu huyo huyo, msafiri akifa ndani ya ngome, hujichukulia kwa siri sehemu ya runi zake. Wapwa zangu walipogundua hayo walipiga makofi na kutazamana, na mimi, kwa heshima ya watumishi wa forodha wa nchi zote mbili, sikuuliza walikuwa wakimkumbuka nani. Fauka ya hayo, mchezaji asiyetaka kupambana na Margit wala kumsikiliza Gostoc aweza kuzunguka upande wa mashariki wa ngome, akashika kijia chembamba kilichobana ukingo wa genge, na kushuka upande wa pili katika Liurnia, nchi ya maziwa yenye majengo yaliyozama nusu, bila ya kukanyaga ngome hata kidogo. Kijana wa Goma alipokiona kijia hicho hakuhitaji maelezo. “Njia ya panya,” alisema, na akaingia. Waundaji wa Tokyo, ambao sidhani kwamba wamepata kusikia habari za Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, au za wale wapitao na vikapu vya mboga kwa maelfu kila siku katika lango la Petite Barrière, wamefahamu kwamba penye lango lazima pawe na ubavu wa lango, na wameuweka ubavu huo kwa makusudi, wakaufanya mtamu. Uzuri wa mchezo wote umo humo.

Kuna mpaka mwingine ambao haumo katika mchezo bali katika namna yetu ya kucheza. Katika vibanda vya PlayStation vya miji yetu, Gisenyi, Goma hata Bujumbura, mchezo aghalabu ni mpira, na malipo ni kwa mechi: watu wawili wanakaa, wengine wanasimama nyuma yao wakibishana, dakika zikiisha aliyefungwa anatoa pedi. Elden Ring hauingii katika desturi hiyo, kwani wataka saa nyingi mno za mtu mmoja, na safari yake lazima ihifadhiwe katika mashine, ambamo kijana mwingine ajaye kesho anaweza kuifuta ili apate nafasi. Mwenye kibanda atauza nini, na mteja atalipa kwa kipimo gani? Kwa sababu hiyo michezo ya namna hii hukaa majumbani mwa wachache.

Na nyumbani kwa dada yangu niliona jambo jingine. Limgrave ni nchi ya baada ya vita: majumba yamebomoka, majeshi yasiyo na mfalme yanazunguka barabarani. Tarehe 27 Januari 2025, Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23, familia nyingi zilivuka kuja Gisenyi, na mpwa wangu yule wa Goma alikuwa miongoni mwao. Nilidhani magofu yale yangemchukiza. Alicheza kwa utulivu kuliko wote, akikwepa kila kambi ya askari kwa umbali mkubwa kuliko ulivyohitajika.

Katika lugha tulikuwa na taabu ya aina yake. Sauti zote za mchezo huu ni za Kiingereza, hata kwa Mjapani aliyeununua Tokyo, na maandishi hupatikana kwa lugha kadhaa, Kifaransa kikiwamo. Mpwa wa Gisenyi, aliyesoma baada ya Rwanda kuamua mwaka 2008 kwamba masomo yawe kwa Kiingereza, alitaka maandishi ya Kiingereza. Yule wa Goma alitaka Kifaransa. Wakapeana zamu, na mashauri yao yote, matusi kwa maadui na dua kabla ya mapigano, yakafanywa kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda lakini hakimo katika orodha ya mchezo.

Niliwaambia kwamba uko mchezo mmoja wenye sauti za Kiswahili. Ni Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka tarehe 23 Aprili 2024, kazi ya Surgent Studios iliyoasisiwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyetoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, mchezo wa ulimwengu wazi wa mwaka 2017 uliowekwa Misri ya kale. Salim aliutunga kutokana na msiba wa baba yake: kijana Zau, mganga, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ampelekee pepo wakubwa watatu ili arudishiwe baba. Wapwa zangu waliuliza kama humo mtu anaweza kwenda popote. Niliwajibu kwamba la, ni mchezo wa kutazamwa ubavuni, wenye njia zilizopangwa, na kwamba mimi, ambaye huchoshwa na upana usio na neno la kuniambia, naona huzuni yenye njia moja yafaa kuliko uhuru wa mashetani mia.

Kijana wa Gisenyi alikwisha kuutafuta katika simu yake kabla sijamaliza. Mwenye kuutoa ni Electronic Arts, kampuni ile ile ambayo mpira wake hujaza vibanda vyetu usiku na mchana, lakini kwa upande wa PlayStation mchezo huu hukubali mashine ya tano tu, na iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya nne. Akaweka simu mezani, akapokea pedi kwa mwenzake, na kwa kuwa ilikuwa zamu yake akageuza maandishi yawe ya Kiingereza.