Je, Wajua? Kariakoo Ilikuwa Kambi ya Wapagazi

Ukipanda daladala Temeke au Kinondoni kwenda Kariakoo, unashukia palipokuwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza walioutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Wapo wanaosema walikuwa waajiriwa, maana walilipwa. Lakini katika Kenya ya leo sheria ya 1915 iliruhusu kuwalazimisha, na ujira usioweza kuukataa si mkataba. Kwa kulinganisha, manowari za Uingereza zilipowanyakua mabaharia wa Marekani na kuwatumikisha, serikali yao ilidai waachiwe, na dai hilo likachangia vita vya 1812. Mpagazi hakuwa na serikali ya kumdai. Rufaa yake ilikuwa kutoroka. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi, si risasi.